Kibodi ya Apple kwenye Ubuntu
Ndugu, kibodi ya Apple uliyoinunua mitumba pale Kibuye, ambayo unasema huongeza sauti kila ukibonyeza F12, haina hitilafu yoyote, kwa kuwa hid_apple, moduli (kipande cha programu) inayoendesha kibodi za Apple ndani ya Linux, kiini cha mfumo wa Ubuntu, hutanguliza kazi za picha zilizochorwa kwenye vitufe. Fungua kwa sudo (amri inayokupa mamlaka ya msimamizi) faili ya /etc/modprobe.d/hid_apple.conf, uandike mstari huu mmoja: options hid_apple fnmode=2 swap_opt_cmd=1. Sehemu ya kwanza, fnmode=2, hurejesha kazi za kawaida za F1 hadi F12. Ya pili hubadilisha nafasi za vitufe vya Option na Command, jambo ambalo vidole vilivyozoea kibodi za kawaida (vyangu vilisumbuka wiki nzima) vitalifurahia. Kisha endesha sudo update-initramfs -u, ili mpangilio huo usomwe kompyuta inapowaka, halafu uizime kompyuta na kuiwasha tena.