Ukuta wa ndani wa tanuru kubanduka unapowashwa mara ya kwanza

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba zege la kuhimili joto ulilomwaga katika tanuru la kuyeyushia alumini lilibanduka kwa kishindo saa chache baada ya kuwasha moto. Naamini maji yaliyobaki ndani yaligeuka mvuke, ambao hutanuka zaidi ya mara 1,600, ukakosa pa kutokea.

Bomoa na umwage upya kwa kipimo cha maji kilichoandikwa kwenye mfuko, uache lishike kwa saa 24, kisha upandishe joto kama nyuzi 25 kwa saa, ukitulia kati ya 110 na 150 mpaka mvuke ukome (mimi hushika kioo baridi juu ya tundu la moshi, kikiingia ukungu, bado). Unapobomoa, vaa barakoa, kwani vumbi la silika (madini ya mchanga yaliyomo kwenye zege) huharibu mapafu. Kama tanuru lako ni la koili ya umeme inayopozwa kwa maji, mwite mtaalamu wa mtengenezaji, kwa sababu alumini iliyoyeyuka ikipenya hadi kwenye koili na kukutana na maji hayo, hutokea mlipuko.