South Okanagan: jinsi ya kusoma matokeo ya jimbo la uchaguzi lililofutwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma Kelowna, mkoa wa British Columbia, Kanada. Kila siku navuka daraja la William R. Bennett, na kwa kazi ya somo la takwimu nikaona nichukue jimbo la uchaguzi lililokuwa la baba yake, kisha lake mwenyewe, South Okanagan, nipange matokeo ya bunge la mkoa kuanzia 1916 mpaka jimbo lilipofutwa. Nimekwama pointi tatu. Chaguzi za 1952 na 1953 zina safu za hesabu ya kwanza na hesabu ya mwisho, na jumla ya kura haifanani. Mwaka 1979 jimbo langu linapotea na kuibuka Okanagan South. Halafu 1986 kura zinaruka kana kwamba watu wameongezeka maradufu ndani ya miaka mitatu. Jedwali nilipangeje?

JIBU: Marahaba. Nianze na 1986, maana hapo ndipo wengi wanaharibu jedwali zima bila kujua.

Kuelekea uchaguzi ule bunge la mkoa lilipanuliwa kutoka viti 57 hadi 69. Baadhi ya majimbo yaliyokuwa na watu wengi hayakukatwa vipande, yaliongezewa tu mbunge wa pili. Okanagan South lilikuwa mojawapo. Kwa hiyo kila mpiga kura alikuwa na kura mbili, kila chama kikubwa kikasimamisha wagombea wawili, na walioshinda ni Cliff Serwa na Larry Chalmers, wote wa chama cha Social Credit. Watu hawakuongezeka maradufu. Ziliongezeka tiki kwenye karatasi.

Tanganyika tuliwahi kuwa na mambo ya namna hiyo. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ndiyo ile kura tatu iliyoizulia TANU mjadala mkali Tabora. Ukijumlisha kura zote za jimbo moja la wakati ule ukaziita idadi ya watu, umezidisha mara tatu. Okanagan South ya 1986 ina ugonjwa huohuo, ila ni wa mara mbili, na si mara mbili kamili kwa sababu mtu aliruhusiwa kutumia kura moja tu na kuiacha ya pili.

Dawa yake ni kugawa kwa idadi ya karatasi halali badala ya jumla ya kura. Tuseme wapiga kura ni 100. Sitini wanawapa kura wagombea wote wawili wa chama A, arobaini wanawapa wale wawili wa chama B. Jumla ya kura ni 200. Ukigawa kwa 200, kila mgombea wa A ana asilimia 30 na anaonekana mnyonge. Ukigawa kwa karatasi 100, ana asilimia 60, na ndivyo jimbo lilivyosema. Kama rekodi uliyonayo haitaji idadi ya karatasi, chukua wastani wa wagombea wawili wa kila chama, kisha linganisha wastani kwa wastani, na uandike chini ya jedwali kwamba umefanya hivyo.

Sasa 1952, ambapo hadithi imenona zaidi.

Tangu 1941 mkoa ulikuwa ukitawaliwa na muungano wa Liberal na Conservative. Kilichowaunganisha ni hofu ya CCF, chama cha kijamaa kilichokuja kuzaa NDP ya leo. Mwaka 1951 wakabadili sheria ya kura: mpiga kura ataweka namba 1, 2, 3 mbele ya majina. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Hata tukigombea kila mtu kivyake, Mliberali ataweka namba 2 kwa Conservative, na wa Conservative vilevile, CCF itabaki nje. Januari 1952 muungano wenyewe ukavunjika, waziri mkuu wa mkoa, Byron Johnson, alipomfukuza waziri wake wa fedha, Herbert Anscomb, kiongozi wa Conservative. Mtego ulikuwa umeshategwa, na walionasa ni wao wenyewe.

Tazama utaratibu ulivyokuwa. Tuseme tena karatasi 100, wagombea wanne: A ana 40, B 30, C 20, D 10. Hakuna aliyevuka nusu, kwa hiyo D anatolewa na karatasi zake kumi zinafunguliwa upya kutafuta namba 2. Nne zinakwenda kwa B, tatu kwa C, na tatu hazina namba 2 kabisa, mwenyewe aliweka namba 1 akatosheka. Hizo tatu zinawekwa pembeni. Sasa A ana 40, B 34, C 23, jumla 97. Bado. C anatoka: 15 zinamwendea B, mbili A, sita zinawekwa pembeni. Hesabu ya mwisho, B ana 49, A ana 42, jumla 91. Ameshinda B, aliyeanza nyuma kwa kura kumi.

Hapo una jibu la kwa nini jumla inashuka: ni karatasi zilizoishiwa namba, hazikuibwa wala kuharibika. Vilevile B ana asilimia 30 ukitumia hesabu ya kwanza, na karibu 54 ukitumia ya mwisho. Zote ni sahihi, ila zinajibu maswali mawili tofauti. Kwa jedwali lako linalotoka 1949 hadi 1956 tumia hesabu ya kwanza, kwa sababu ndiyo pekee inayolingana na chaguzi za kabla na za baada, ambazo mtu aliweka alama moja tu. Ya mwisho ipe safu yake pembeni. Mahali ambapo mgombea alivuka nusu mara ya kwanza, safu hiyo iache tupu, usinakili namba ileile.

Wanafunzi huchanganya hata takwimu za mkoa mzima. Mwaka 1952 CCF ilipata asilimia 30.8 za chaguo la kwanza, Social Credit 27.2. Kwenye hesabu za mwisho ni kama 34 kwa 30. Ukichukua ya kwanza ya huyu na ya mwisho ya yule, umetengeneza uchaguzi ambao haukuwahi kufanyika. Na licha ya kuongoza kote kuwili, CCF ilipata viti 18, Social Credit 19, Liberal 6, Conservative 4, na kimoja cha Labour. Wapiga kura wa Liberal na Conservative walikuwa wamegombana kiasi kwamba wengi wao namba 2 waliipeleka Social Credit. Uchaguzi ulifanyika tarehe 12 Juni, na picha kamili ikapatikana katikati ya Julai, kwa kuwa kila duru ilisubiri iliyotangulia.

Hapa ndipo jimbo lako linapoingia kwenye historia kubwa. Chama kilichoshinda hakikuwa na kiongozi ndani ya bunge. Kampeni iliongozwa na mchungaji Ernest Hansell, mbunge wa shirikisho kutoka Alberta, ambaye hata kugombea British Columbia hakugombea. Wabunge wapya wakakutana Julai wakamchagua W. A. C. Bennett, baba wa yule wa daraja lako, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Kelowna na mbunge wa South Okanagan. Aliapishwa tarehe 1 Agosti 1952 akatawala miaka 20. Uchaguzi wa 1953 ulitumia mtindo uleule wa namba, akapata wingi wa viti, na sheria ile ikafutwa kabla ya uchaguzi wa 1956. Aliyepanda ngazi akaivuta juu, watu walisema hivyo, na sioni sababu ya kuwabishia.

Safu ya chama kwenye jedwali lako nayo iangalie kwa makini. Bennett aliingia 1941 kwa tiketi ya Conservative. Mwaka 1945 na 1949 ameandikwa kwa jina la muungano. Machi 1951 akajitoa akakaa kama mbunge huru, na Desemba mwaka huohuo akajiunga na Social Credit. Jedwali la matokeo halioni lolote kati ya hayo, linarekodi siku ya kura peke yake. Ukilisoma juujuu utadhani 1952 wananchi wa South Okanagan walimtupa mtu wa muungano wakachukua mtu mpya, kumbe ni mbunge wao yuleyule kavaa shati jingine.

Tena usisahau chaguzi ndogo, maana majedwali mengi ya mtandaoni yanaziacha. Jimbo lako lina mbili muhimu. Mwaka 1948 Bennett alijiuzulu kwenda kugombea kiti cha shirikisho cha Yale, akashindwa na Owen Jones wa CCF, aliyewahi kuwa meya wa Kelowna. Kiti chake cha mkoa kikachukuliwa na Robert Browne-Clayton, wa muungano pia, mpaka Bennett aliporudi 1949. Bila mstari huo utaandika kwamba alikaa mfululizo tangu 1941, na si kweli. Ya pili ni ya Septemba 1973. Social Credit ilikuwa imeangushwa na NDP ya Dave Barrett mwaka 1972, mzee mwenyewe akiwa amebaki na kiti chake. Alipoachia ngazi, mwanawe Bill akakigombea na kukishinda, na miongoni mwa aliowashinda ni Derril Warren, kiongozi wa Conservative wa mkoa. Desemba 1975 Bill akawa waziri mkuu. Huyo ndiye William R. wa daraja lako. Baba yake ndiye aliyekuwa madarakani lilipofunguliwa daraja la kwanza la Ziwa Okanagan mwaka 1958, ambalo hili la sasa lilichukua nafasi yake 2008.

Kuhusu jina: kutoka South Okanagan kwenda Okanagan South mwaka 1979, kiti kilibaki Kelowna na Bill Bennett akaendelea kukikalia. Kwa kazi yako viandike kama mfululizo mmoja, lakini chora mstari mnene kati ya 1975 na 1979, kwa sababu mkoa ulipangwa upya mwaka huo, kutoka viti 55 hadi 57. Kanuni ninayoifuata mimi ni kuanza na ramani na sheria ya mgawanyo, jina huja mwisho. Neno kusini kwenye jina lisikudanganye pia. Penticton, mji ulio ncha ya kusini ya ziwa, miaka hiyo ulipiga kura Boundary-Similkameen. Ukirudi nyuma, kabla ya 1916 kulikuwa na jimbo moja la Okanagan, mbunge wake Price Ellison, ndilo lililogawanywa kaskazini na kusini. Mbunge wa kwanza wa kusini alikuwa J. W. Jones wa Conservative, aliyekaa mpaka 1933 na kumalizia akiwa waziri wa fedha. Waliberali wakalishika mpaka Bennett alipokuja.

Kuna jambo hukuuliza, ila linagusa takwimu zako moja kwa moja. Usichore mstari wa mwitikio wa wapiga kura kutoka 1916 hadi mwisho kana kwamba daftari ni lilelile. Mwaka 1916 wanawake hawakuwa na kura, waliipata 1917. Wachina na Wahindi waliruhusiwa 1947. Wajapani na wenyeji wa asili, wakiwemo watu wa Syilx ambao bonde la Okanagan ni lao tangu enzi, waliruhusiwa 1949. Kura za 1945 na za 1949 zimetoka kwenye umma usio sawa, na kupanda kwa idadi kusisomwe kama umaarufu wa mgombea. Uchaguzi huohuo wa 1949 ndio uliompeleka bungeni Frank Calder wa taifa la Nisga'a, kupitia jimbo la Atlin kule kaskazini.

Atlin hiyohiyo ilisaidia kuua majimbo ya wabunge wawili. Kesi ilifunguliwa kupinga mgawanyo: Atlin ilikuwa na watu 5,511 na mbunge mmoja, Surrey-Newton watu 68,347 na mbunge mmoja. Mwaka 1989 jaji Beverley McLachlin, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Kanada, aliamua kwamba tofauti ya namna hiyo inavunja haki ya kupiga kura. Tume ya jaji Thomas Fisher ilikuwa imeshapendekeza majimbo 75, kila moja na mbunge mmoja, na uchaguzi wa 1991 ukafanyika kwa ramani hiyo.

Kwa hiyo mstari wako wa mwisho ni 1986. Ukitaka kuonyesha kilichofuata, eneo la Kelowna liliangukia Okanagan East, alikoshinda Judi Tyabji wa Liberal, na Okanagan West, alikoshinda Cliff Serwa. Serwa usimwandike kama mbunge mpya wa 1991. Mpe alama inayomrudisha kwenye mstari wa 1986, na kura zake za miaka hiyo miwili usizilinganishe mpaka zile za 1986 uwe umezigawa kwa karatasi.