Miaka mingi si lazima iwe miaka ya afya

Assalamu alaykum ndugu yangu. Umeuliza kwa nini wazee wawili wa Pemba wenye miaka 75, mmoja huenda msikitini kwa miguu yake na mwengine hainuki kitandani. Kuna kipimo kiitwacho umri wa kuishi kwa afya: katika miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi, huondoa ile inayoliwa na maradhi na ulemavu, na hapo ndipo tofauti za kipato, elimu na kazi zinapojitokeza. Mama aliyeinama miaka 30 akifunga mwani kwenye kamba, maji yakimfika magotini, huufikia uzee na mgongo uliokwisha. Karani mstaafu naye hupata presha, lakini huigundua mapema na dawa hanunui kwa kukopa. Pencheni Jamii, fedha ambazo Serikali ya Zanzibar huwapa wazee, iliyoanza 2016 kwa waliotimiza miaka 70, inasaidia kweli (nauli ya kwenda hospitali si kitu kidogo), ila huja mgongo umeshaharibika.