IPA imefika Mtwara haina harufu: friji ndilo lenye kosa?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina grosari ndogo hapa Shangani, Mtwara. Kuna wateja, hasa wageni, wanaoulizia IPA, ile bia chungu yenye harufu ya matunda. Kila mwezi naagiza katoni mbili Dar, zinakuja na basi. Nikizipokea naziweka stoo, halafu naingiza chache chache kwenye friji. Juzi mteja aliyezoea kuinywa Dar kaniambia yangu inanuka boksi na ile harufu ya embe haipo. Tarehe ya mwisho ya matumizi bado miezi mitano. Aliyeniuzia anasema hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, yenyewe ni dawa ya kuhifadhi, bia hiyo haiharibiki kwa joto, labda friji langu halipozi sawasawa. Ninunue jingine?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Friji usinunue. Ulilonalo linafanya kazi yake. Bia ilishaharibika kabla hujaiingiza humo.

Huyo muuzaji wako amenikera kwelikweli, maana maneno yake nayasikia kila mara, kwa wapakiaji wa mizigo na hata kwa wenye baa kubwa: hopsi ni kihifadhi, basi bia ikizidi uchungu inazidi kudumu. Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ndiyo inayowapoteza watu. Asidi chungu za hopsi huzuia bakteria wale wanaoichachua bia ikawa kama siki. Basi. Kazi yake ya kulinda imeishia hapo. IPA yako haikuguswa na bakteria. Imeliwa na oksijeni na joto, na mbele ya hao wawili hopsi ndiyo ya kwanza kuumia.

Harufu ya embe, chungwa au msonobari inatokana na mafuta mepesi ya ua la hopsi, kama mirsini na linaluli. Kiwandani bia hufungwa na chembe za oksijeni ndani yake, hata mashine ikiwa nzuri namna gani. Kizibo cha chupa nacho hupitisha hewa polepole, na ule utando wake wa ndani hufyonza sehemu ya mafuta hayo. Joto ndilo linaloharakisha mambo yote. Harufu nzuri inashuka huku nyingine ikipanda, ya kemikali iitwayo nonenali, inayonuka kama karatasi iliyolowa. Mteja wako aliyesema "boksi" ana pua nzuri, usimpoteze. Uchungu wenyewe hupungua pia, ila taratibu, ndiyo maana mtu anaonja, anakuta bado chungu, anadhani bia ni nzima.

Wanaoitetea hadithi ya kihifadhi hupenda kutaja India, maana IPA ni kifupi cha India Pale Ale. Ni kweli, mwishoni mwa karne ya 18 George Hodgson wa Bow, London, alikuwa akipeleka bia ya hopsi nyingi India, na meli zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa miezi minne hadi sita. Lakini sifa ya bia ile ilikuwa kufika bila kuchacha. Aliyeipokea kule hakutarajia harufu ya embe. Hopsi zinazotoa harufu hiyo leo, kama Citra na Mosaic, zimeingia sokoni karne hii. Mosaic ilianza kuuzwa 2012. Kuitumia safari ya Hodgson kuhalalisha katoni iliyokaa chini ya mabati ni kumdanganya mnunuzi.

Na hii tarehe ya mwisho wa matumizi inaniudhi karibu sawa na hiyo hadithi. Nyinyi watu wa Kusini mnalijua jambo hili kuliko wanywaji wa Dar. Tembo la mnazi la asubuhi na la jioni hamlihesabu kuwa kinywaji kimoja. Msimu wa korosho, uraka wa mabibo hivyohivyo: hakuna anayeuliza utaisha muda lini, watu wanauliza umekamuliwa lini. Sababu zinatofautiana, maana tembo linaendelea kuchacha na bia iliyofungwa inazeeka, ila swali la kumuuliza muuzaji ni lilelile. Bia hii ilifungwa lini, na tangu siku hiyo imelala wapi?

Watengenezaji wa bia wana kipimo cha kukadiria wanachokiita 3-30-300. Bia ikikaa siku 3 kwenye nyuzi 32 za Selsiasi, inazeeka kama iliyokaa siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye baridi ya nyuzi 3. Ni kadirio, halina usahihi wa mzani wa duka la dawa, ila litumie kwa bia yako. Dar hadi Mtwara ni kama kilomita 560, mchana mzima ndani ya buti la basi. Hapo umekwisha poteza mwezi mmoja wa friji, au zaidi. Kisha stoo: wiki mbili chini ya mabati ya Shangani zinamaliza kilichobaki chote. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara kule Somanga, mizigo ilisubiri juani kwa siku kadhaa. Tarehe zilizochapwa kwenye makopo hazikubadilika hata moja.

Kwa hiyo geuza mpango wako. Badala ya katoni mbili kwa mwezi, agiza nusu katoni kila wiki, na zikifika zote ziingie kwenye friji siku hiyohiyo. Hakuna cha stoo. Zikigoma kuenea, umeagiza nyingi. Nunua kwa mtu anayezihifadhi kwenye baridi, na mpigie simu akusomee tarehe ya kufungwa kabla hujatuma hela. Wengine huandika siku ya mwaka kwa tarakimu tatu. 152 ni Juni 1, mwaka usio mrefu. Mimi IPA iliyopita miezi mitatu siichukui, hata kwa punguzo. Chagua kopo kuliko chupa, na kama ni chupa iwe ya kahawia, kwa sababu chupa nyeupe au ya kijani ikipigwa na jua dakika chache tu inatoa harufu mbaya isiyotoka. Safari iwe ya usiku ikipatikana, ndani ya deli lenye chupa za maji yaliyogandishwa. Samaki hapo Mtwara anawekewa barafu tangu chomboni. Anayeisubiri hadi sokoni anajulikana kwa harufu.

Msiogope pia ule usemi kwamba bia iliyopozwa ikipata joto kidogo imekufa, kwa hiyo bora isipozwe kabisa. Kinachohesabiwa ni jumla ya saa za joto. Saa sita za joto ni saa sita, na baridi ya kabla na ya baada bado ina faida.

IPA za Marekani na Uingereza zilizokuja kwa kontena la kawaida, kisha zikapanda basi, mimi nisingeziuza Mtwara kwa bei yoyote. Mgeni akitaka kitu kizito mpe stauti. Kimea chake cheusi kinastahimili safari vizuri zaidi.

Sasa kuna wanaouza njia za mkato, na hapa niwaonye wote wenye grosari na baa, kuanzia Kilwa mpaka Masasi. Wapo wanaotia chumvi kidogo ili bia iliyolala itoe povu. Povu linatoka kwa sababu chumvi inaifukuza gesi, na baada ya dakika mbili glasi imekufa zaidi. Wapo wanaoshauri ipozwe hadi ikaribie kuganda. Baridi kali inaufanya ulimi usisikie kasoro, na bia ikipata joto mkononi mwa mteja harufu ya boksi inarudi yote. Wapo wanaouza matone ya mafuta ya hopsi ya kudondoshea kwenye bia iliyozeeka, ukaiuze kama mpya. Nonenali iko palepale chini ya matone hayo. Bia ya namna hii haimuumizi mtu tumbo, na hicho ndicho kinachowapa ujasiri: hakuna mgonjwa, kwa hiyo hakuna mlalamikaji, na mteja anaondoka akiamini IPA ndivyo ilivyo.

Wabaya kuliko wote ni wanaofuta tarehe kwa spiriti au kubandika stika mpya juu yake. Ukipitisha kidole chini ya kopo ukakuta wino umesuguliwa, au stika juu ya maandishi, usijadiliane bei. Rudisha katoni nzima kwa basi lilelile, na waambie wenye grosari wenzako jina la aliyekuuzia.