Vihisi hunasa matetemeko au mitetemo?

SWALI: Ninatafsiri makala ya jiolojia kuhusu vifaa vinavyotandazwa juu ya ardhi ili kujua matetemeko madogo yanavyotokea kilindini. Niliandika: "Sensa za juu ya ardhi zinapima matetemeko midogo ya chini ya ardhi na kuonyesha ni jinsi gani yanatokea." Mhariri ameirudisha bila maelezo. Kosa liko wapi?

JIBU: Yako kadhaa, na moja lina uzito kuliko mengine.

Madogo kwanza. "Matetemeko midogo" imechanganya ngeli mbili. Tetemeko dogo, matetemeko madogo. Mtetemeko mdogo, mitetemeko midogo. Chagua moja ubaki nalo. "Vitetemeko", ambalo wengine hulitumia, silipendi: ki-/vi- ya udogo mara nyingi hubeba dharau. "Sensa" nayo itamfanya msomaji adhani watu wanahesabiwa. Andika vihisi, na ukitaja kifaa chenyewe, jiofoni.

Kosa kubwa ni "zinapima matetemeko". Tetemeko ni tukio: miamba iliyobanana huko chini inateleza ghafla kwenye ufa. Kihisi hakilifikii tukio hilo. Kinachokifikia ni mitetemo, yaani mawimbi yanayopita kwenye miamba kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Kihisi hunasa mtetemo. Tetemeko hubainishwa na mtaalamu baadaye. Ukiyachanganya maneno haya, aya zako zinazofuata hazitaeleweka, kwa sababu kazi yote ya wataalamu hawa ni kutoka kwenye mtetemo kurudi kwenye tetemeko.

Tazama wanavyofanya. Ufa unapoteleza, mwamba husukumwa kuelekea pande fulani na kuvutwa kutoka pande nyingine. Kihisi kilicho upande wa kusukumwa huona ardhi ikianza kwa kupanda. Kilicho upande wa kuvutwa huiona ikianza kwa kushuka. Ukichora ramani ya waliopanda na walioshuka (samahani, vilivyopanda na vilivyoshuka, vihisi si watu), unapata mwelekeo wa ufa na namna ulivyoteleza. Mlipuko hauna mgawanyo huo: husukuma pande zote, hivyo kila kihisi huanza kwa kupanda.

Shida ni kwamba mitetemo ya matetemeko madogo ni hafifu, na juu ya ardhi humezwa na kelele za upepo na magari. Ndiyo maana rekodi za vihisi vingi hujumlishwa. Lakini ukijumlisha iliyoanza kwa kupanda na iliyoanza kwa kushuka bila kuigeuza mojawapo, hufutana, na tetemeko linapotea kwenye hesabu. Sasa jaribu kuandika aya hiyo ukitumia neno "tetemeko" peke yake kila mahali, uone.

Tuje kwenye "ni jinsi gani yanatokea". Gani ni ya kuuliza, na wewe huulizi. Kiswahili kina -vyo- kwa kazi hii: "jinsi yanavyotokea", au kwa ufupi "yatokeavyo". Ukizungumzia tukio moja lililokwisha pita, "lilivyotokea". Mtindo wa "ni jinsi gani" umeenea mno kwenye tafsiri za magazetini, lakini kuenea hakujausafisha.

"Ya chini ya ardhi" ningeifuta, maana tetemeko la ardhi huanzia huko huko. Ibakize tu pale unapotaja kina.

Kwa hiyo: "Vihisi vilivyotandazwa juu ya ardhi hunasa mitetemo ya matetemeko madogo, na kutokana nayo wataalamu hubaini jinsi yanavyotokea."

Ukifika kwenye sehemu ya mahali, usiite kila kitu "kitovu". Mimi huliachia neno hilo lile eneo la juu ya ardhi lililo wima juu ya tetemeko, na pale ufa ulipoanzia kuteleza napaita "chanzo".