Maswali yenu kuhusu Anne V. Coates, mhariri wa filamu

Wengi mmeniuliza kuhusu Anne V. Coates, Mwingereza aliyehariri filamu kwa zaidi ya miaka 60 na kufariki Mei 2018. Najibu machache.

*Aliingiaje kwenye kazi hii?*

Alizaliwa Reigate mwaka 1925, na utotoni alitamani kufundisha farasi wa mashindano. Alikuwa nesi kabla ya kuanza kukarabati nakala za filamu za dini zilizoharibika. Mjomba wake, J. Arthur Rank, alikuwa mkubwa wa filamu Uingereza. Undugu huo ulimfungulia mlango, lakini haukumkalia mezani kukata picha.

*Mwongozaji David Lean naye alikuwa mhariri hodari. Kwa nini akamkabidhi filamu yake, Lawrence of Arabia?*

Kwa sababu aliona kazi yake. Coates alihariri picha za majaribio za Albert Finney, mwigizaji aliyefikiriwa kwanza kuigiza Lawrence, mhusika mkuu. Lean alipozitazama akaridhika, akamchukua.

*Ule mkato wa kiberiti katika filamu hiyo, picha moja inaporukia nyingine ghafla, ulitokea kwa bahati?*

Kwa sehemu. Lawrence anapuliza njiti, na ghafla tupo jangwani jua likichomoza. Mpango ulikuwa picha ya kwanza ififie polepole huku ya pili ikijitokeza. Enzi hizo kufifisha kulifanyika maabara, hivyo kwenye nakala ya kazi vipande viwili viliungwa tu, ubavu kwa ubavu. Walipoitazama, wakaona nguvu yake. Lean akamwachia aikamilishe, naye akapunguza fremu chache tu, yaani picha moja moja za ukanda wa filamu. Wengine wangeona kiungo cha muda na kuendelea na kazi. Yeye alikaa akakisikiliza. Kwangu mimi, uhariri ni huo.

*Alipata Oscar moja tu?*

Ya ushindani, ndiyo, kwa Lawrence of Arabia ya 1962. Aliteuliwa tena mara nne, ikiwemo kwa The Elephant Man, na mwaka 2016 akapewa ya heshima. Ilichelewa mno.

*Najifunza kuhariri. Nianze na filamu ipi?*

Out of Sight ya 1998. Alikuwa ameshavuka miaka 70. Tazama George Clooney na Jennifer Lopez wakizungumza baa ya hoteli, huku picha za chumbani zikiingia katikati ya maneno yao. Kwanza itazame bila sauti, kisha irudie ukiwa na sauti, uone ni neno gani linavuka kutoka baa hadi chumbani.