Tairi la nyuma kucheza: usinunue rimu kabla hujajua kinachocheza ni nini

Mkuu nimekuelewa. Umenunua pikipiki Boxer kwa mtu, ukigusa spidi ya sitini nyuma inaanza kutembea kama bata, na fundi kashakwambia ununue rimu na tairi jipya. Tulia kwanza, usitoe hela. Huyo fundi aliitikisa hiyo pikipiki au aliitazama tu akiwa amekaa?

Mimi ya kwangu niliipata hapa Morogoro, jamaa alikuwa anapigia boda Msamvu, kaiosha mpaka unajiona kwenye tenki, na mimi kwa ujinga wangu nikasikiliza injini, nikaangalia moshi, nikalipa. Nyuma sikugusa hata kidogo. Wiki ya pili nikikata kona nasikia kama pikipiki ina bawaba katikati, mbele inakata kona nyuma inafuata baadaye.

Sasa fanya hivi. Kwanza hakikisha nati ya ekseli imekazwa, maana kuna watu wamebadilisha beringi kumbe nati ndo ililegea tangu siku ya pancha. Halafu weka stendi kubwa tairi la nyuma lining'inie, kaa nyuma yake, shika tairi kushoto na kulia, huku vuta kule sukuma, kisha shika juu na chini hivyohivyo. Kosa la wengi ni kuangalia tairi, tairi litacheza tu hata ugonjwa uwe wapi, halikwambii kitu. Mwite mtu akutikisie, wewe weka kidole kwenye maungio. Upande wa bereki kuna lile sahani linaloshika bereki, halizunguki, na kuna habu, kile kitovu cha rimu kinachozunguka, katikati yao pana mwanya mdogo unaozunguka pande zote. Weka ncha ya kidole hapo kiguse vyote viwili. Kama ule mwanya unafunguka na kufunga, hiyo ni beringi, huna haja ya kubishana na mtu. Beringi nzima kwa mkono huisikii ikicheza kabisa, ukishasikia hata kidogo ujue imekwisha.

Kama mwanya umetulia na bado linacheza, sogea mbele kule swingi amu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, inapoungana na chasisi, weka kidole hapo, mwenzako asukume swingi amu yenyewe kushoto kulia. Ikigonga ni bushi, zile pete za ndani ya maungio hayo, na bushi zilizokwisha ndo hasa zinaleta hiyo habari ya bata ukiwa na mzigo. Na kama habu imetulia, swingi amu imetulia, ila rimu peke yake inaenda na kurudi, hizo ni spoku. Zigonge moja moja na spana ndogo, iliyokaza inalia tiii, iliyolegea inasema du. Kukaza spoku ni kazi ya rimu hiyohiyo uliyonayo, hununui kitu.

Kuna beringi ambazo hazichezi lakini zimeshakufa. Weka gia huru, zungusha tairi kwa mkono, chukua bisibisi ndefu, ncha kwenye kichwa cha ekseli, mpini kwenye mfupa wa sikio. Nzima inapita kimya kama maji, mbovu inasaga. Toa cheni ukiweza maana kelele zake zinadanganya. Na ukishatoa tairi ingiza kidole kwenye tundu la beringi uzungushe polepole, ukisikia kama mchanga au inakwama vituo vituo, toa.

Nirudi kwangu. Fundi wa kwanza akabadilisha beringi, nikalipa, ikatulia. Mwezi haukuisha ikarudi. Nikasema beringi feki hizi, nikanunua nyingine, nayo hivyohivyo. Kitu kimoja nilikiona nikakipuuza: fundi akikaza nati ya ekseli tairi linakuwa zito, anailegeza kidogo, linazunguka vizuri, anasema "sasa liko huru, bosi". Nikaenda kwa mzee mmoja wa huku Kihonda, anafanyia kazi chini ya mwembe, hana hata banda. Akatoa tairi, akagonga beringi moja ikatoka na maji ya rangi ya chai, halafu akainamisha habu kikadondoka kipande cha bomba la maji. Akakiokota, akakipangusa na kanzu yake ya kazi, akaniuliza, "Kijana wangu, hiki nani kakuwekea?"

Iko hivi. Kati ya beringi ya kushoto na ya kulia ndani ya habu kuna bomba la chuma, spesa, urefu wake umepimwa. Ukikaza ekseli nguvu inapita kwenye lile bomba, pete za ndani za beringi zinabaki mahali pake. Likiwa fupi au halipo kabisa, ukikaza unazibana pete za ndani zikaribiane wakati za nje zimekaa kwenye habu, gololi zinaumia kabla hujatoka getini. Langu lilishapotea siku nyingi, mtu kakata bomba la maji akaliweka, limepungua urefu karibu milimita tatu. Kwa hiyo tairi likiwa zito baada ya kukaza nati, usikubali kulegezewa. Hiyo nati haitakiwi kulegea hata siku moja, tafuta spesa.

Dukani nenda na beringi ya zamani, namba imeandikwa pembeni. 6202 tundu lake ni milimita 15, nje 35, unene 11. 6302 tundu ni hilohilo 15 ila nje 42 na unene 13. Sasa muuzaji akikwambia "zinafanana tu hizo" kwa sababu ekseli imepita, mwachie. Chukua zenye 2RS, zina raba pande zote mbili, zenye ZZ ni bati na kwa tope la kwetu hazikai. Na uulize kama ya kwako ina beringi ya tatu upande wa sproketi, lile gia la cheni la nyuma, nyingi zinayo, hiyo ndo inakufa mapema watu wakikaza cheni kama uzi wa gitaa, na mafundi huwa wanairuka.

Kuingiza, nyundo isiguse pete ya ndani. Weka beringi ya zamani juu ya mpya au soketi yenye upana wa pete ya nje, gonga polepole mpaka mlio ubadilike. Yule mzee aliweka habu juani kwanza mpaka ikawa haishikiki, ikaingia bila matusi. Ikiingia kwa kidole tu bila kugongwa hapo una shida nyingine, nyumba ya beringi imelika. Utaona mtu anakata kopo la soda anazungushia, au anapiga vidoti kwa pini. Itakufikisha nyumbani, basi. Peleka kwa mtu wa kukereza aiwekee silivu, yaani pete ya chuma ya kuziba palipolika, au habu nyingine.

Ah, na wale wanaoosha na pampu kubwa wanaelekeza maji moja kwa moja kwenye ekseli, waambie waache, raba hazizuii ule mkandamizo.

Kaguse ule mwanya wa bereki leo jioni kabla hujapigia simu fundi, halafu urudi hapa uniambie umefunguka au umetulia.